Kichwa Kilicholowa Alfajiri

Rahma mwanangu,

Umetoka tangu asubuhi kwenda Mchikichini kutafuta sweta la mtumba, maana kila mtu anakwambia Mbeya kuna baridi ya kung'ata mifupa, na mimi nimebaki hapa kitandani na kalamu. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda chuo. Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala kulinda begi lako njiani, wala sala. Hayo unayajua, na mengine unayajua kuliko mimi. Nakuandikia habari za kichwa chako. Ndiyo, kichwa, hicho hicho chenye nywele. Usikunje uso, soma kwanza.

Unanijua, mimi ni mtu wa kunusa. Nikienda kununua shampuu Kariakoo, nafungua kifuniko mbele ya muuzaji, nanusa, natia tone kiganjani, nasugua. Muuzaji akinuna, najua ile chupa imejaziwa kutoka kwenye dumu huko nyuma ya duka. Asiponuna simwamini vilevile, huenda keshazoea. Mama Neema wa chumba cha mbele, ambaye ndiye anayeniuzia nywele za bandia za saluni, aliwahi kuniambia, "Mama Rahma, wewe hata maji ya kunywa unayashuku." Nikamuuliza, "Maji ya nani?" Akacheka mpaka akakaa chini pale uani. Mimi nilikuwa nauliza kweli.

Tabia hii sikuzaliwa nayo, nilifundishwa na baba yako. Wewe ulikuwa bado unatambaa. Alikuwa ananunua samaki Feri kwa ajili ya mama ntilie wa huku Ilala, anatoka usiku, anarudi asubuhi. Basi siku moja karudi, kichwa kimelowa, shingoni ananukia sabuni ya waridi. Sisi nyumbani tulikuwa tunaogea sabuni ya mche, ile ya kufulia. Nikajiuliza, mtu katoka Feri, hanuki samaki! Nilimwekea chai, nikamwangalia anavyokunywa. Siku zikaenda, kichwa kikaja kimelowa tena, na tena. Nikafuatilia ile sabuni ya waridi hadi Buguruni, nikaikuta bafuni kwa mwanamke aliyekuwa ameshaolewa naye kimyakimya, na ujauzito juu. Mengine unayajua, ndiyo maana baba yako unamwona siku za Idi tu.

Kwa hiyo nilipatia. Kila mtu mtaani alisema, "Mama Rahma ana pua." Nikavimba kichwa. Sasa ndiyo naona kwamba kupatia kule ndiko kulikoniharibu, kwa sababu tangu siku ile nikiona kichwa kimelowa, sitaki tena kuambiwa kitu.

Sasa baada ya Idi hii nikaanza kusikia maji. Alfajiri, kabla ya adhana, bafu la uani linamwagika maji, na anayeoga ni wewe. Mara ya kwanza nikasema ni joto. Mara ya pili nikanyanyuka, nikachungulia pazia, nikakuona unarudi chumbani na kanga imekulowa mabegani. Umeosha nywele. Mwana wee, moyo ulinipasuka. Wewe si mgeni wa mambo yetu. Unajua mwanamke akiamka alfajiri na kichwa kibichi watu wanasema nini. Mwenye mume anaoga josho lake la kujitakasa baada ya kulala na mumewe, anajimwagia maji hadi utosini, anasali, na hakuna wa kumuuliza. Asiye na mume akionekana hivyo, kila jicho uani linageuka. Nikasema basi, yamekuwa. Huyu ana mwanaume.

Na ulinisaidia kushuku, nakwambia ukweli. Ghafla hutaki kusukwa. "Mama, nimechoka kusukwa, acha nywele zipumzike." Wewe! Mtoto wa msusi! Nimekusuka tangu nywele zako hazishikiki, leo unanikwepa. Ndani ya nyumba ya wanawake pekee unakaa umejifunga kitambaa, unalala nacho, unaamka nacho. Nikikusogelea unarudi nyuma. Nikawa nakuja kwa hila, najifanya nakutengeneza kola, kumbe nanusa. Nikapata harufu kama ya dawa. Mtu mwenye akili zake angesema mtoto anaumwa. Mimi nikasema anaficha harufu ya mtu kwa dawa.

Ukienda soko la Ilala nilikuwa nakufuata, nanunua nyanya ambazo sizihitaji ili nikuone unasimama na nani. Ulikuwa husimami na mtu. Hilo nalo likanitia shaka, nikasema wamepatana wasionekane. Nikamwomba Mama Neema anisaidie kuangalia, kwa kuwa dirisha lake linatazama bafu. Akaniambia, "Mtoto anaoga, Mama Rahma. Wa kwangu namfukuza na ndoo uani na bado haogi." Nikamnunia. Nikadhani labda naye anajua kitu, wanakuficha wote.

Mpaka ile asubuhi nikakusimamia mlangoni mwa bafu. Najua unaikumbuka. Nikakuuliza kwa sauti, wapangaji wanasikia, "Unaosha kichwa alfajiri kwa ajili ya nani?"

Ukaniangalia. Ukasema, "Kwa ajili yangu."

Ukapita. Na mimi nikachukua jibu lile kama jeuri, nikalipika, nikalila, likanikaa tumboni. Kumbe ulikuwa umenijibu swali nililouliza, na jibu lilikuwa la kweli.

Leo ulipotoka nimefungua begi lako. Nimelipekua, Rahma. Sitasema nilikuwa nakupangia nguo. Nilikuwa natafuta picha, zawadi, pete, chochote cha mwanaume. Chini kabisa, ndani ya soksi, nikakuta chupa ndogo ya dawa, na pembeni yake mfuko wa nailoni umefungwa fundo. Nikaufungua ule mfuko. Nywele.

Astaghfirullah, nilikaa. Maana mimi ndiye niliyekufundisha nywele hazitupwi ovyo. Unaziokota kwenye chanuo, unazikunja, unazifukia au unazichoma, zisije zikaangukia mikononi mwa mwenye roho mbaya. Sasa mtoto anasafiri na nywele zake mwenyewe begini, za nini? Nikasema sasa imekuwa kubwa, anazipeleka kwa mganga amfunge huyo bwana. Unaona ninavyokwenda? Hata peke yangu chumbani, nina mfuko mkononi, natunga uongo.

Halafu mikono ikafanya kazi yake, maana mikono yangu ina akili kuliko mimi. Nikazimwaga kwenye shuka jeupe, nikazitenganisha. Nywele iliyokatika naijua, ncha zake zote mbili kavu. Hizi hazikukatika. Zilikuwa na kijivimbe cheupe kwenye mzizi, zimeng'oka. Nyingine zina mba umezishika kama ganda. Na zilikuwa fupi na laini, nywele za pembeni, za juu ya masikio na za paji la uso, pale msusi anapoanzia kuvuta.

Nilizirudisha zile nywele mfukoni, nikafunga fundo. Kisha nikachukua chupa nikaenda nayo duka la dawa la pale kona. Yule binti muuzaji nikamwambia kwa ukali, "Hii ni ya nini?" Nilijiandaa anidanganye. Akasema, "Shikamoo mama. Hiyo ni shampuu ya dawa, ya mba na fangasi wa kichwani. Si nilimuuzia Rahma? Imeshaanza kumsaidia?" Nikasema marahaba. Nikamuuliza kwa nini mtu aoshee alfajiri kama mwizi. Mimi nikamkazia macho mpaka akasema. Akasema ulimwambia mama yako ni msusi, wateja wakijua kichwa cha binti yake kina vidonda na kimeanza upara pembeni, nani atampa kichwa chake tena?

Yaani ulikuwa unanilinda mimi. Nilitoka pale sioni njia vizuri.

Sasa ngoja nikwambie nilichokifanya kichwani kwako, uelewe hakikuja chenyewe. Tangu mdogo nimekukalisha kwenye kigoda mlangoni mwa saluni, wapita njia wakuone. Kichwa chako ndicho kilichoniletea wateja. Idi hii nilikusuka rasta nyembamba kama uzi, nikazivuta mpaka macho yakakupanda. Ulikuwa unakaza mabega, machozi yanakutoka, na mimi nakwambia, "Vumilia, nikilegeza zitafumuka." Vipele vilipotoka kwenye mistari siku ya pili, nikakupaka mafuta. Ulipoanza kujikuna kwa ncha ya kitana, nikakupaka mafuta mengine. Sisi wasusi tuna desturi hiyo: kichwa kikiwa kichafu tunapaka mafuta kwenye mistari kinang'aa, mteja anaenda harusini. Kuosha kunachukua muda na maji ya kuchota. Tena tuliambiana kwamba nywele zetu zikioshwa mara kwa mara zinakauka na kukatika. Na mimi niliyeshuku kila muuzaji Kariakoo, hilo sikulishuku hata siku moja, kwa sababu lilikuwa linanipunguzia kazi.

Mafuta juu ya mba hayatibu, yanafunika. Uchafu unabaki chini unakula ngozi. Nilikuwa naona, nasema mba ni kitu cha kawaida.

Kwa hiyo nisikilize sasa, na hili nalisema nikiwa nimeliuliza kwa yule binti na nimeliuliza tena kwa mwingine ng'ambo ya barabara, maana bado simwamini mtu mmoja. Unapoosha, unaosha ngozi ya kichwa kwanza, nywele baadaye. Lowesha kichwa mpaka maji yafike chini. Shampuu isugue kwa nyama ya vidole, si kwa kucha. Kucha zinachubua, na wewe tayari una vidonda. Ile ya dawa iache kichwani dakika zilizoandikwa kwenye chupa, usiongeze kwa kudhani itafanya haraka, wala usiisuuze mbio kwa kuogopa nani anakuona. Halafu suuza. Suuza mpaka maji yanayotoka yawe kama yalivyoingia. Sabuni inayobaki kichwani inawasha, unajikuna, unarudi kule kule.

Kondishena ni ya nywele, si ya ngozi. Anzia katikati ya nywele, shuka nayo hadi kwenye ncha, pale zinapokauka. Zikiwa bado na kondishena ndipo uzichane, kwa chanuo la meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda taratibu. Mimi nilikuwa naanzia juu nashusha kwa nguvu, wewe unalia, naona ndiyo kuchana. Ukimaliza, isuuze nayo. Kisha kausha kichwa. Huko kuna baridi, usijifunge kitambaa juu ya nywele mbichi ukalala nazo, fangasi wanapenda hapo. Na msusi yeyote akitaka kukusuka kichwa kikiwa kibichi, nyanyuka uondoke, hata kama ameshashika nywele.

Ukija kusuka, usisuke mpaka pembeni pamepona. Siku ukisuka, ukisikia maumivu sema, "Legeza." Akikwambia vumilia, mwambie mama yako aliwahi kusema hivyo hivyo. Na rasta zikiwa kichwani bado unaosha, maji yanapita katikati ya mistari, usikae nazo mwezi mzima kama nilivyokuwa nakukalisha. Kama dawa hii haikusaidii, au ukaona pametokea duara lisilo na nywele, au panatoka usaha, nenda hospitali kwa daktari wa ngozi. Usiende kwa rafiki mwenye chupa.

Maana hao marafiki wenye chupa utawakuta bwenini, nakuhakikishia. Atakuja mmoja na mafuta ya kijani, atakwambia yanaotesha nywele kwa wiki. Kabla hujafungua mdomo, mwangalie yeye kichwani. Kama ana wigi, msalimie tu, mambo, poa, upite. Kwenye mambo ya chupa, Rahma, endelea kushuku. Hapo sikutoi.

Sasa nafika kwenye jambo gumu, na nimelizunguka ukurasa mzima kwa sababu naliogopa.

Chuo kinafunguliwa baada ya wiki, na mpaka upate bweni utakaa kwa mjomba wako Shabani. Ile asubuhi uliyonijibu "kwa ajili yangu", nilimpigia. Nilimwambia, "Shabani, huyo mtoto anakuja huko ana mwanaume. Anaoga josho alfajiri. Mchunge." Nilimwambia hivyo kaka yangu, kuhusu wewe, nikiwa sina hata chembe ya ushahidi ila maji kwenye kanga.

Leo niliporudi kutoka duka la dawa nimempigia tena kabla hata ya kuvua viatu. Nikamwambia, "Shabani, yale maneno niliyokwambia si kweli. Mtoto anaumwa kichwa, ngozi ya kichwa, anajitibu."

Akasema, "Dada, unamfichia?"

"Simfichii! Nimeona dawa kwa macho yangu."

"Wewe? Wewe ndiye uliyemkamata shemeji kwa harufu ya sabuni. Leo umebadilika? Kuna kitu hapo. Hata hivyo nimeshamwambia mke wangu, atakuwa anamwangalia."

Niliapa, Rahma. Niliapa kwa Mungu kwenye simu. Kadiri ninavyoapa, ndivyo anavyozidi kuniuliza kwa nini naapa. Na ningekuwa mimi ningemuuliza hivyo hivyo. Nilikata simu nikalia. Mama Neema akabisha hodi kuuliza kuna msiba gani, nikamwambia hakuna, ni kitunguu. Najua hakuniamini.

Kwa hiyo, mwanangu, utafika kwenye nyumba ambayo imeshakuhukumu, na hakimu nilikuwa mimi. Wifi yangu atakuandalia chakula kizuri, atacheka na wewe, na jicho lake litakuwa kwenye nywele zako. Ukiamka na kichwa kikavu atasema umejua kwamba tumejua, unajificha. Kikilowa atasema si nilikwambia. Nakwambia mapema usije ukapigwa na butwaa, na usidhani umekosea kitu.

Ninachoogopa kuliko vyote ni kwamba utaacha kuosha. Nakujua. Ulinificha ili nisipoteze wateja, huko utaiweka chupa ndani ya soksi ili usiniaibishe kwa kaka yangu, na pembeni patabaki upara. Yule binti wa duka la dawa amesema ngozi ikishavutwa sana na kupata kovu, nywele hazioti tena, hata upake nini. Bado hapajafika huko, amesema. Bado.

Nasikia sauti yako uani, unamwamkia Mama Neema, naye anakusifia sweta. Sitakuomba uvue kitambaa nione. Nimeshaona kwenye shuka vya kutosha, na kichwa ni chako. Barua hii nitaitia mkononi mwako wewe mwenyewe, siifichi begini. Ukishaisoma ukataka kunifokea, nifokee, nipo jikoni.

Ila ukifika Mbeya, usiamke alfajiri kuosha gizani. Osha saa sita mchana, uani, jua linawaka, chupa umeiweka juu ya ndoo kila mtu aisome. Wifi yangu akikuuliza unaosha kwa ajili ya nani, mpe jibu lile ulilonipa mimi. Asiporidhika, mpe simu. Mimi nitampokea, hata kama ni kila siku, na nitamwambia mtoto wangu ni msafi na mimi ndiye niliyemchafua. Asiponiamini nitapanda basi nije nikuoshe kichwa mwenyewe mbele yake.

Mama yako